Kitabu Kilisema Wamekwisha, Kumbe Wapo

Somo la kusoma riwaya ya safari na hatari



Katika darasa la kisomo tulianza na herufi. Kisha tukasoma maneno, tukasoma sentensi, tukasoma vijitabu vya kilimo bora, afya na malezi ya watoto. Wengi wetu sasa tunasoma barua zetu wenyewe bila kumwita mtoto wa jirani. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini mwanakisomo anaweza kuuliza: "Je, na kitabu kinene cha hadithi, chenye vita na safari za porini, nacho ni cha watu kama sisi?" Jibu letu ni ndiyo. Ila kitabu cha namna hiyo kina njia yake ya kusomwa. Kijitabu cha mbolea kinatuambia waziwazi: fanya hivi, usifanye vile. Hadithi haituamrishi. Inatushika mkono, inatupeleka mbali, na tukiwa njiani inatutia mawazo bila sisi wenyewe kujua. Ndiyo maana leo tunataka kujifunza jambo moja: kusoma hadithi kwa furaha, na wakati huo huo kumwuliza mwandishi maswali.

HADITHI YENYEWE

Tutatumia mfano wa kitabu kimoja cha zamani. Kwa Kiingereza kinaitwa The Last of the Mohicans. Maana yake ni Mmohikani wa Mwisho. Wamohikani ni kabila la Amerika ya Kaskazini. Mwandishi wake ni Mmarekani, James Fenimore Cooper, na kitabu kilitoka mwaka 1826. Sisi tulikisoma tulipokuwa chuo cha ualimu. Baadaye tulikisimulia kwa Kiswahili katika darasa moja la watu wazima, jioni nne mfululizo, baada ya kazi za shamba.

Habari za kitabu hiki ni za mwaka 1757. Wakati huo Waingereza na Wafaransa walikuwa wakipigania nchi ile. Lakini nchi haikuwa ya Waingereza, wala haikuwa ya Wafaransa. Ilikuwa na wenyewe. Wazungu wa kwanza waliwaita wenyewe hao Wahindi, kwa sababu walidhani wamefika Bara Hindi. Kosa hilo la jina likashika. Sisi hapa tutawaita wenyeji. Katika vita hivyo baadhi ya wenyeji walikuwa upande wa Wafaransa, na wengine upande wa Waingereza.

Basi, wasichana wawili, Cora na Alice, wanasafiri msituni kwenda kwa baba yao, Munro. Baba huyo ni mkuu wa ngome ya Waingereza kando ya ziwa. Wanasindikizwa na ofisa kijana, Heyward. Anayewaonyesha njia ni Magua, mwenyeji wa kabila la Wahuroni. Kumbe Magua ana kisasi. Zamani Munro aliamuru achapwe viboko kwa sababu ya ulevi. Kovu la mgongoni limepona, la moyoni bado. Basi Magua anawapoteza njia kwa makusudi.

Porini wanakutana na watu watatu. Wa kwanza ni mwindaji Mzungu aliyelelewa na wenyeji, anaitwa Hawkeye, yaani Jicho la Mwewe. Akilenga bunduki hakosi. Wa pili ni Chingachgook, Mmohikani mtu mzima. Wa tatu ni Uncas, mtoto wake wa kiume. Hao watatu wanajua msitu kama sisi tunavyojua njia ya kisimani. Wanawaokoa wasafiri, wanawaficha pangoni penye maporomoko ya maji, na baada ya taabu nyingi wanawafikisha ngomeni.

Lakini ngome imezungukwa na Wafaransa. Munro anashindwa, anakubali kutoka na watu wake kwa amani. Wanapotoka, wenyeji waliokuwa upande wa Wafaransa wanawashambulia. Katika ghasia hiyo Magua anawateka wasichana na kukimbia nao kaskazini. Baba yao, Heyward na wale watatu wanafuata nyayo.

Wakati mmoja alama zinapotea. Hapo ni kwenye kijito, mbele hakuna nyayo tena. Uncas anafanya nini? Anachepusha maji ya kijito, kama mkulima anavyogeuza maji ya mfereji yaende jaruba jingine. Sakafu ya kijito inabaki wazi. Loo! Unaonekana unyayo wa kiatu cha ngozi. Darasani tulipofika hapo watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa mwindaji ujanani alisema, "Huyo kijana kafundwa, akafundika."

Mwisho wa kitabu ni wa huzuni. Cora anauawa kwa kisu na Mhuroni mmoja. Uncas anauawa na Magua. Hawkeye anampiga Magua risasi. Alice na Heyward wanaokoka. Chingachgook anamzika mwanawe, na mwandishi anatuambia kwamba sasa amebaki peke yake katika ukoo wake. Ndiyo maana ya jina la kitabu.

SWALI LA MZEE

Tulipomaliza, darasa lilikaa kimya. Mama mmoja alipangusa macho kwa ncha ya khanga. Kisha yule mzee mwindaji akanyosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "hadithi ni nzuri. Lakini huyo mwandishi alihesabu? Nani alimwambia kwamba watu hao wamekwisha?"

Hatukuwa na jibu. Tuseme kweli, tuliona aibu. Chuoni tulikisoma kitabu kile kizima, tukajibu mtihani, na swali hilo halikutujia hata siku moja. Tulimjibu, "Mzee wetu, tupe muda tukatafute." Tukaenda kutafuta katika vitabu vya historia. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, Wamohikani hawakuwa wamekwisha. Nchi yao ya asili ilikuwa kando ya mto unaoitwa Hudson. Walisukumwa kidogo kidogo. Wengi wao wakakaa mahali paitwapo Stockbridge, katika jimbo la Massachusetts. Wamarekani walipopigania uhuru kutoka kwa Waingereza, vijana wa Stockbridge walipigana upande wa Wamarekani, na mwaka 1778 wengi wao waliuawa katika pigano moja. Juu ya hayo, ardhi yao pale Stockbridge ilikwisha kupita mikononi mwa walowezi. Katika miaka ya 1780 wakahamia jimbo la New York, wakakaa kwa kabila jingine lililowakaribisha. Katika miaka ya 1820 wakahama tena kwenda mbali magharibi, Wisconsin.

Angalieni tarehe hizo, ndugu wasomaji. Kitabu kilitoka mwaka 1826. Wakati watu mjini wanalia machozi juu ya Mmohikani wa mwisho, Wamohikani wenyewe walikuwa njiani na watoto wao na mizigo yao, wakitafuta pa kukaa.

Tena liko jambo ambalo sisi wa elimu ya watu wazima tulilifurahia sana. Mwaka 1828, miaka miwili tu baada ya kitabu kutoka, mwanamke Mmohikani aitwaye Electa Quinney alifungua shule huko Wisconsin, shule isiyotoza ada. Anakumbukwa kuwa mwalimu wa kwanza wa shule ya umma huko Wisconsin. Kitabu kinasema watu wake wamezikwa, naye anashika chaki! Na mpaka leo Wamohikani wapo. Wanaishi Wisconsin katika ardhi yao, na wana serikali yao ya kabila.

Pili, hata jina Uncas si la Mmohikani. Uncas alikuwa mkuu wa kweli wa kabila jingine, Wamohegani wa jimbo la Connecticut, aliyeishi katika miaka ya 1600. Majina yanakaribiana, na Cooper akayachanganya. Wamohegani nao wapo hadi leo.

Tatu, vita ya ngome ile ilitokea kweli. Ngome iliitwa William Henry, nayo ilisalimu amri tarehe 9 Agosti 1757. Kesho yake watu waliotoka walishambuliwa, na wengine waliuawa. Hilo ni kweli. Lakini wangapi? Cooper aliandika kwamba hesabu zilizotajwa ni kati ya watu 500 na 1,500. Mwanahistoria Ian Steele alipitia orodha za askari na kumbukumbu za wakati ule, akatoa kitabu mwaka 1990. Yeye alikuta kwamba waliouawa au kupotea hawakuwa chini ya 69, na hawakufika 200. Roho 69 ni nyingi. Lakini 69 na 1,500 si hesabu moja.

Steele alieleza pia sababu. Wenyeji walikuja vitani kwa ahadi ya kupata nyara, maana hawakuwa na mshahara. Makamanda wa Kizungu wakapatana wao kwa wao, mapatano yakawanyima nyara, na wenyeji hawakushirikishwa. Baadaye wengi wao walirudi makwao na ugonjwa wa ndui walioupata pale ngomeni, ukaua watu vijijini. Mambo hayo yote katika hadithi hayaonekani vizuri. Tunachokiona zaidi ni ukatili.

KARATASI YA MAMA MMOJA

Tuliporudi darasani na habari hizo, mzee alitikisa kichwa akasema, "Nilijua." Lakini aliyetushangaza zaidi ni mama mmoja mjane ambaye kwa kawaida hasemi sana. Alisimama akatueleza habari yake, na ametupa ruhusa kuisimulia bila jina.

Baada ya mumewe kufariki, mama huyo alikwenda kijiji kingine kumwuguza dada yake. Alikaa miezi mitatu. Aliporudi, shamba lake la bondeni lilikuwa limegawiwa mtu mwingine. Alipouliza, alionyeshwa karatasi ya mkutano. "Wakati huo sijui kusoma," alisema. "Nikaitazama tu kama mbuzi anavyotazama gazeti. Nikaambiwa nibandike dole gumba, nikabandika."

Miaka miwili baadaye, alipokwisha kupata cheti cha kisomo, aliomba aonyeshwe tena karatasi ile. Safari hii aliisoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno. Ilisema: mwenye shamba amehama, hana mrithi. "Nilikuwa nimesimama pale pale," mama alisema, "nasoma kwamba mimi sipo."

Hakuichana karatasi. Aliomba isomwe kwa sauti mbele ya mkutano. Majirani wakashuhudia kwamba hakuhama, na kwamba ana watoto wanne. Alirudishiwa nusu ya shamba. Nusu ya pili ilikwisha pandwa migomba, na shauri lake lilikuwa bado halijaamuliwa siku aliyotusimulia.

Kisha akasema neno ambalo tuliliandika ubaoni: "Hao Wamohikani waliandikiwa karatasi kama yangu. Ila yao ilikuwa tamu."

Neno hilo ni zito. Karatasi iliyoandikwa kwa ukali tunaishtukia. Lakini kitabu kinacholia pamoja nasi hatukishtukii. Cooper hakuwatukana Wamohikani. Aliwasifu, akawapamba, akawalilia. Lakini kumlilia mtu aliye hai kana kwamba amekufa ni kumnyang'anya. Watu wakiamini kwamba wenyewe wamekwisha, nani atauliza ardhi ilikwenda wapi? Mwaka 1830, miaka minne baada ya kitabu, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji waende ng'ambo ya Mto Mississippi. Hatusemi kwamba kitabu ndicho kilicholeta sheria hiyo. Tunasema tu kwamba hadithi za namna hiyo ziliwazoesha watu kuona kuhama kwa wenyeji kama machweo ya jua, jambo lisilozuilika.

TUCHEPUSHE MAJI

Sasa tufanyeje tunaposoma? Tufanye kama Uncas. Utamu wa hadithi ni kama maji ya kijito. Tuyanywe, maana ni matamu. Kisha tuyachepushe kidogo tuone nyayo zilizo chini. Maswali manne yatatusaidia.

1. Anayesimulia ni nani, na anakula wapi? Baba yake Cooper, William Cooper, alikuwa mfanyabiashara wa ardhi. Alinunua ardhi kubwa ya msitu, akawauzia walowezi, akajenga mji na kuupa jina lake, Cooperstown. Mtoto alikulia hapo. Mtu akila kwa kuuza ardhi ya zamani ya wengine, hadithi ya kwamba wenyewe wametoweka haimsumbui.

2. Aliandika lini, na juu ya wakati gani? Cooper alizaliwa mwaka 1789. Vita anavyovisimulia ni vya mwaka 1757. Hakuviona. Alisoma vitabu vya wengine na kuongeza yake.

3. Nani anapewa maneno, nani anakufa, nani anabaki kuoa? Hapa darasa lilibishana sana. Mama yake Cora alikuwa na asili ya watumwa Waafrika wa visiwa vya Karibi. Uncas, Mmohikani, anampenda Cora. Wote wawili wanakufa. Alice na Heyward, Wazungu, wanabaki na kuoana. Je, ni bahati tu? Au mwandishi aliogopa ndoa ya namna hiyo? Magua naye, ingawa ndiye mwovu, anauliza swali la maana: pombe iliyomponza aliletewa na nani? Mwandishi alimpa swali hilo. Tumsifu kwa hilo. 

4. Wanaosimuliwa wao wenyewe wanasemaje? Hili ndilo swali la mzee wetu. Kabla ya kuamini habari ya watu, tuwatafute watu wenyewe.

NENO MPAKA

Vitabu vya aina hii huitwa riwaya za mpakani. Mpaka unaosemwa hapa si ule wa nchi na nchi. Ni mahali ambapo mashamba ya walowezi yaliishia na msitu ukaanza. Mlowezi aliita huko porini, mahali pa hatari na ushujaa. Lakini kwa Mmohikani huko hakukuwa mpakani. Kulikuwa nyumbani, penye makaburi ya babu zake. Neno moja laweza kuonyesha mtu amesimama upande gani.

JE, TUKITUPE KITABU?

Kijana mmoja darasani alisema, "Kama ni uongo, basi tukichome." Wenzake walimkatalia, nasi tulikubaliana nao. Riwaya si kumbukumbu ya mkutano. Ina ruhusa ya kubuni watu na maneno. Tena kitabu hiki kinatufundisha mengi: subira ya mfuata nyayo, urafiki wa Hawkeye na Chingachgook unaovuka rangi, na uchungu wa mzazi kumzika mwanawe. Ubaya unaanza pale tunapotoka kitabuni tukidhani tumewajua Wamohikani.

Kuchoma kitabu ni rahisi. Kukisoma mpaka mwisho na kukiuliza maswali ni kazi, na ndiyo kazi ya mtu aliyeelimika. Yule mama hakuichana karatasi yake, maana angeichana angepoteza ushahidi.

Tunawashauri pia msiogope sentensi ndefu. Someni kwa vikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika mahali pagumu simameni, mjadiliane, kisha mwendelee.

Katika Kiswahili kipo kitabu cha safari na hatari kinachojulikana sana, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiliandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard mwaka 1885, na tafsiri ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1929. Habari zake ni za Afrika ya Kusini, na msimulizi ni mwindaji Mzungu. Mkikipata, kisomeni. Mtafurahi. Kisha kiulizeni maswali yale manne. Safari hii wanaosimuliwa ni Waafrika wenzetu.

MAZOEZI

1. Kwa nini mzee mwindaji aliuliza, "Huyo mwandishi alihesabu?"
2. Kitabu cha Cooper kilitoka mwaka gani? Electa Quinney alifungua shule mwaka gani? Miaka hiyo miwili ukiilinganisha inakufundisha nini?
3. Mama mjane alisema karatasi ya Wamohikani "ilikuwa tamu". Alikuwa na maana gani?
4. Jadilini katika kikundi: je, iko habari ya kijiji chenu au ya ukoo wenu ambayo mmewahi kuisikia ikisimuliwa vibaya na mtu wa nje? Nani anaijua vizuri? Mwandikeni akiwa bado hai.

MANENO YA KUKUMBUKA

Riwaya: hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa kitabuni.
Ngome: jengo imara la kujilinda wakati wa vita.
Mlowezi: mtu aliyetoka mbali na kuhamia nchi ya wengine akakaa.
Nyara: mali inayochukuliwa vitani.
Kuchepusha: kugeuza maji yaende njia nyingine.

Kazi ya namba 4 ifanyeni kwa daftari na kalamu, msiishie kuzungumza. Tukutane katika somo lijalo.